Ngamia Hana Kwato

Dalali wa Marsabit alinitoza shilingi 9,000, akanihakikishia nitavuka jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, nimekaa juu ya ngamia. Nilipofika Maikona, mzee wa Kigabra mwenye ngamia akashangaa. Ngamia wetu ni wa kubeba maji na mizigo, akasema, mtu hutembea. Nikatembea. Hela ile inaniuma mpaka leo.

Usiku wa pili ikanyesha. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani: juu ganda la chumvi, chini udongo wa mfinyanzi. Asubuhi jangwa lote lilikuwa linang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta.

"Leo *gaala* haendi," mzee akasema, akimtaja ngamia kwa lugha yake.

Nikamsihi. Maji yalibaki dumu moja, na Kalacha, tulikokuwa tunaelekea, haikuwa mbali tena. Akakubali kwa shingo upande. Hatukufika mbali. Miguu ya nyuma ya ngamia iliteleza, mmoja huku mwingine kule, akaanguka na mzigo wote, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama. Mzee alirusha fimbo akamrukia, akaivuta miguu ile pamoja na kuifunga kamba. Ngamia akipanuka hivyo, aliniambia baadaye, nyonga huvunjika, na hapo kinachobaki ni kisu.

Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alifungua mizigo, akauosha mguu mmoja kwa maji machache tuliyokuwa nayo, akaniita. "Njoo ushike, mwanangu, ujue kwa nini nilikataa."

Mimi ni mtu wa Lamu, nimekulia nyuma ya punda. Najua kwato: punda husimama kwenye ncha ya kidole kimoja kilichovikwa gamba gumu, mbuzi na ng'ombe kwenye ncha mbili. Nilichoshika pale hakikuwa kwato. Vilikuwa vidole viwili vipana vilivyolala chini, kila kimoja na ukucha mbele tu, usiobeba uzito. Chini yake wayo mmoja unaoviunganisha, mnene, wenye mafuta ndani na ngozi iliyokomaa kama ndara ya mpira. Nilipoubonyeza ukatanuka. Ndivyo unavyofanya mchangani: uzito unasambaa, mnyama hazami. Nikawakumbuka punda wetu kwenye mchanga wa Shela, wanavyotumbukia na shogi za mawe hadi unawahurumia. Lakini wayo ule laini hauna makali ya kuchimba, na kwenye utelezi hauna pa kushika. Kulikuwa pia na kovu refu. Mzee alisema ni jiwe jeusi la volkano, njia ya vilima vya Huri.

Tulikaa hapo hadi kesho yake alasiri, ganda likakauka. Nikawa natembea nyuma ya ngamia, miguu ya upande mmoja ikienda pamoja, na sikusikia hatua hata moja, ila kengele ya mti shingoni. Nyumbani nikiwa kitandani naweza kujua punda wa nani anapita kichochoroni, kwa mlio wa kwato tu.

Kalacha nikapata mtandao, nikampigia baba. Nilimweleza wayo wote, mafuta, kucha, kovu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mnyama huyo angepita matope ya mikoko maji yakiwa yamekupwa.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Hapo punda wetu anamshinda."