Nani kasema ukikua uache vitabu vya picha?

"Mjomba usifunue, bado." Hiyo ndo sentensi niliyoisikia kuliko zote wiki hii. Mtoto wa dada yangu ana miaka nane, kitabu tumekilaza sakafuni kwa sababu ni kipana mno hakikai mapajani, yeye kalala kifudifudi kajiegemeza kwenye viwiko, mimi nimekaa pembeni mkono uko tayari kwenye kona ya ukurasa na kila nikitaka kufunua ananizuia. Maneno ya ukurasa ule nilishamaliza kumsomea zamani. Yeye bado yumo ndani.

Mama yangu akapita. Akasimama nyuma yetu kidogo, akaondoka, kumbe kaenda kuchukua miwani. "Hebu rudisheni nyuma, pale kwenye ule mji wenye maporomoko." Tukarudisha. Basi tukawa watu watatu, mmoja ana miaka nane, mmoja thelathini na kitu, mmoja sabini na kitu, tumeinamia picha moja na kila mtu anaangalia lake. Mtoto anatafuta alama za nyayo kwenye kuta, mama anaangalia nguo za watu na jinsi walivyozifunga kiunoni, mimi nahangaika na ule mji wenyewe, maji yote yale yanapita wapi na yanatokea wapi. Hakuna aliyemsubiri mwenzake na hakuna aliyeachwa nyuma.

Kitabu chenyewe ni Dinotopia cha James Gurney, kilitoka 1992. Kama hujawahi kukiona, stori yake ni baba mwanasayansi na kijana wake, meli yao inazama mwaka 1862, wanafika kwenye kisiwa ambako binadamu na dinosauri wanaishi pamoja, na naposema wanaishi pamoja namaanisha wana miji, wana kazi, wana sherehe, wana sheria zao, dinosauri sio jini la kukimbiwa. Kimeandikwa kama daftari la huyo baba, mwenyewe anachora alichokiona na kuandika pembeni, na mwanzoni kabisa Gurney anakwambia daftari hilo alilikuta maktaba. Unajua sio kweli, na bado unafunua ukurasa wa kwanza kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha siri.

Sasa kilichonifanya nikae niandike haya yote ni jambo moja ambalo nimekaa nalo miaka mingi. Nilipokuwa na miaka kumi na moja hivi, mwalimu mmoja alinikuta na kitabu chenye michoro akaniambia umeshakua, acha vitabu vya picha, chukua vya maandishi. Hakusema kwa ubaya, alidhani ananisaidia. Na mimi nikatii, nikaacha, nikakaa miaka karibu kumi sijagusa kitabu cha aina hiyo, nikiviona nageuza uso kama vile ni nguo iliyonibana. Ile miaka naijutia kabisa. Kwa sababu ile kauli ina maana kwamba picha ni ngazi, unapandia mpaka ujue kusoma, ukifika juu unaisukuma ianguke. Na watu wazima wengi wanaamini hivyo bila hata kujua kwamba wanaamini.

Lakini angalia historia tu. Mwaka 1861 Gustave Doré, mchoraji Mfaransa, alichora Jehanamu ya Dante, lile shairi la mtu anayeshushwa kuzimu tabaka kwa tabaka, na kwa vile wachapishaji waliona gharama ni kubwa mno akatoa hela yake mwenyewe kitabu kikatoka, na kikanunuliwa. Ile haikuwa kazi ya watoto. Ukiiangalia leo ile mistari iliyochongwa kwenye mbao, miamba mirefu na watu wawili wadogo wamesimama ukingoni, unasikia baridi. Halafu mwanzoni mwa karne ya 20, teknolojia ya kuchapa picha za rangi ilipokaa sawa, wachoraji akina Arthur Rackham wakaanza kutoa vitabu vikubwa ambavyo picha za rangi zilichapwa kwenye karatasi laini za peke yake na kubandikwa kitabuni moja moja kwa mkono. Kitabu chake cha Peter Pan cha 1906 kina picha za rangi 50. Hebu fikiria mtu anabandika picha hamsini kwenye kila nakala! Vitabu hivyo walinunua watu wazima, wakapeana zawadi, wakaviweka sebuleni. Kwa hiyo hii habari ya kwamba picha ni za mtoto imekuja baadaye, haikuwepo tangu mwanzo.

Nirudi kwa Gurney kwa sababu hapo ndo penye utamu wangu. Kabla ya kisiwa chake, huyu jamaa alikuwa akilichorea jarida la National Geographic, anachora miji ya kale iliyobaki magofu, yaani anapewa mabaki na maelezo ya wanaakiolojia halafu aonyeshe mji ulivyokuwa watu walipokuwa wakiishi mle. Ukifanya kazi ya namna hiyo unajifunza kuuliza maswali, ukuta huu ulishikwa na nini, maji yalifikaje huku juu, jua la saa tisa linapiga upande gani. Akaja akachukua maswali yaleyale akayapeleka kwenye mji ambao haujawahi kuwepo. Anafinyanga sanamu ndogo za wanyama, anaziweka kwenye mwanga aone kivuli kinaangukia wapi, anavalisha watu nguo wakae mkao anaoutaka, ndipo anashika rangi za mafuta. Alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu njia hiyo mwaka 2009, kinahusu namna ya kuchora vitu ambavyo havipo.

Na hiyo kazi inaonekana hata kama hujui kuchora hata mstari. Dinosauri akiwa amefungwa tandiko, unaona mkanda umepita wapi, umekaza wapi, na mtu anapanda kwa kukanyaga wapi. Mtoto haelezi hivyo lakini anajua. Mtoto anajua haraka sana akidanganywa kivivu, kwa sababu yeye anaingia pale kutaka kupanda huyo mnyama na kama hakuna pa kukanyaga ataona. Mtu mzima anaona kitu kingine, anaona kwamba kuna mtu alikaa wiki nzima akifikiria mkanda wa tandiko la mnyama ambaye hatupo naye tena duniani, na mimi hilo linanigusa, sijui niseme vipi, ni heshima fulani mtu ametupa sisi wasomaji.

Kuna na ramani. Mimi nikifungua kitabu nikakuta ramani kwenye kurasa za mwanzo, tayari kimeshanichukua. Na sio pambo tu la kujazia. Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson kilianza kwa ramani, mwaka 1881 alikuwa ndani na kijana wake wa kambo, nje mvua, wanachora, akachora kisiwa akakipaka rangi, na alipokiangalia ndo akaanza kuona watu wanatembea humo kati ya miti, na stori ikafuata. Baadaye alipotuma kwa wachapishaji ile ramani ikapotea njiani. Ikabidi ichorwe nyingine upya kwa kupekua maandishi yake mwenyewe, kuhesabu hiki kiko wapi na kile kiko umbali gani, na mwenyewe alisema ile ya pili kwake haikuwa kisiwa kile tena. Namwelewa kabisa. Ile ya kwanza ilizaa stori, hii ya pili imezaliwa na stori, na mchoraji anaijua tofauti hiyo mkononi.

Kingine ambacho picha inafanya na maandishi hayawezi ni kwamba haikupangi foleni. Sentensi ina mwanzo na mwisho, lazima ufuate neno baada ya neno, anayesoma taratibu anachelewa na anayesoma haraka anamsubiri. Picha iliyotanda kurasa mbili haina mlango mmoja. Unaingia kwa jicho la yule mnyama, mwenzako anaingia kwa dirisha la juu kule kushoto, mnakutana katikati au hamkutani. Ndo maana nasema vitabu hivi ni vya rika zote, kwa maana hiyo hasa, sio ile ya kwenye kava ambapo mchapishaji anataka auzie kila mtu.

Maurice Sendak, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, alilijua hili akalitumia kwa hesabu kabisa. Kile kitabu chake cha 1963, Where the Wild Things Are, cha kijana anayeenda kwa madubwana, angalia picha zinavyoanza ndogo katikati ya ukurasa mweupe, halafu zinakua, kila ukifunua zimeongezeka, chumba kinageuka msitu na msitu unasukuma ule weupe mpaka unaisha, mpaka fujo inapoanza hakuna hata neno moja, kurasa mbili, mbili, mbili, mara tatu mfululizo ni picha tupu. Mtoto hajui kitu kuhusu ukubwa wa picha lakini anaanza kupumua haraka, nimeona kwa macho yangu.

Mchoraji mwingine, Shaun Tan, akaenda mbali zaidi, kitabu chake The Arrival cha 2006 hakina neno hata moja toka mwanzo hadi mwisho. Mtu anaacha familia yake anakwenda mji wa mbali kutafuta maisha, na ule mji una wanyama wa ajabu, vyombo vya ajabu, na mabango yote yameandikwa kwa herufi ambazo Tan amezibuni. Kwa hiyo na wewe msomaji hujui kusoma. Hata uwe na shahada ngapi, pale wote tuko sawa na yule mgeni, tunaonyesha kwa kidole, tunakisia, tunakosea. Mwanzo nilidhani nimefungua kitabu cha mtoto, nikafika katikati nikakifunga nikakaa kimya. Nilikuwa nawaza watu wote ninaowajua walioondoka kwenda mbali na ambao hawakuwahi kutuelezea siku yao ya kwanza ilikuwaje.

Lazima niseme pia kwamba sio kila chenye picha kinafaa. Vipo vingi vinang'aa nje na ndani hamna kitu, joka zuri, upanga unawaka, mawingu ya zambarau, halafu stori imepitwa na kila kitu. Kuna vingine maandishi yanasema msichana alisuka nywele na picha inaonyesha nywele zimekatwa, na mtoto atakuuliza na huna jibu. Na kosa linaloniuma kuliko yote ni sura ya mhusika kuwekwa katikati kabisa kwenye mkunjo, kitabu kikifunguka pua imezama kwenye gundi. Mtu kachora mwezi mzima! Mwaka 1865 kitabu cha kwanza cha Alice, yule msichana anayejikuta kwenye nchi ya ajabu, kilishachapwa nakala 2,000, mchoraji wake John Tenniel akaona picha zake zimechapwa vibaya akalalamika, na wakakubali kuzirudisha na kuchapa upya. Nampenda sana kwa hilo. Ugomvi ulikuwa juu ya wino na karatasi tu lakini kwake picha mbovu ilikuwa sawa na sentensi iliyokatwa nusu.

Kwenye simu pia nimejaribu, najua wengi ndo tunakosomea sasa hivi na kwa maandishi matupu sina shida nako. Lakini picha kubwa kwenye simu unaitazama kwa tundu, unavuta, unasogeza, unaona kipande, ukirudisha iwe nzima inakuwa ndogo kama stempu. Na hamuwezi kuinamia watu watatu.

Kama una mtu unataka umwanzishe, mtoto au mzazi wako au wewe mwenyewe uliyeambiwa umeshakua, mimi ningesema usianze kumsomea. Kiweke wazi kwenye ukurasa wenye picha kubwa, uondoke. Akikuita ndo urudi.

Kwenye Dinotopia kuna alfabeti ya nyayo, kila herufi ni unyayo wa mnyama, kuna jedwali lake, na Gurney amezitawanya nyayo hizo kwenye kuta na mabango ndani ya picha nyingine, ukiwa na subira unaweza kuzisoma. Huyu wa kwetu alipoligundua hilo hakulala. Juzi asubuhi nikakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango wangu, mstari mzima wa nyayo kwa penseli, zingine zimefutwa zikachorwa tena. Nikachukua kitabu nikakaa nayo kwa karibu saa nzima. Nimezipata zote isipokuwa moja ya katikati ambayo haimo kwenye jedwali, ina vidole sita na mkia, kaibuni mwenyewe. Nimemuuliza ni herufi gani akasema huyo mnyama bado hajagunduliwa, na bibi yake inaelekea anajua kwa sababu alikuwa anacheka jikoni, ila na yeye kakataa kuniambia.