Mwisho wa Mstari na Mwisho wa Faili Si Kitu Kimoja

Kwa siku mbili nilisumbuka na programu ndogo ya C niliyoiandika ihesabu mistari ya faili. Nikihesabu kwa macho naona mistari 12, lakini programu inasema ni 11. Nilikagua kitanzi neno kwa neno nisione kosa, mpaka nilipolitazama faili lenyewe baiti kwa baiti na kukuta kwamba mstari wa 12 uliishia kwenye nukta, kwa kuwa aliyeuandika hakubonyeza Enter.

Programu yangu ilihesabu alama ya mwisho wa mstari, '\n', ile inayowekwa na Enter, na alama hiyo ni herufi kama herufi nyingine: ni baiti yenye thamani 10 katika ASCII (mfumo wa kuzipa herufi namba), imo ndani ya faili, na inasomwa kama inavyosomwa 'a'. EOF (end of file, yaani mwisho wa faili) haimo ndani ya faili hata kidogo. Ni jibu linalotolewa na getchar, funksheni ya C inayosoma herufi moja moja, pale ambapo hakuna tena cha kusoma, nalo ni namba hasi, kwa kawaida -1. Ndiyo maana getchar hurudisha int (aina ya namba kamili) badala ya char (aina ya baiti moja): inahitaji nafasi ya thamani zote 256 za baiti, na moja zaidi ya kusema kwamba vimekwisha. Ukiliweka jibu hilo kwenye char, basi pale ambapo char inaweza kubeba namba hasi, baiti halali yenye thamani 255 itafanana na EOF na usomaji utakatika katikati ya faili. Pale ambapo haiwezi, EOF haitatambuliwa kamwe na kitanzi hakitakoma.

Hata kibodi inathibitisha jambo hili. Kwenye Linux, Ctrl+D mwanzoni mwa mstari huufanya usomaji wa programu urudi bila baiti hata moja, nayo huchukulia kuwa data imekwisha. Katikati ya mstari, hupeleka tu yale uliyokwisha kuandika, na itakubidi uibonyeze tena.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na ambalo ningependa kila mwanafunzi alielewe mapema, ni kuandika while (!feof(f)). Funksheni ya feof haitabiri. Hueleza tu kwamba usomaji uliokwisha kujaribiwa uligonga mwisho. Kwa hiyo, faili likiishia kwa '\n', kitanzi huzunguka mara moja zaidi: fgets, inayosoma mstari mmoja mmoja, hushindwa, matokeo yake hayakaguliwi, na mstari wa mwisho uliobaki kwenye kumbukumbu huchapishwa mara ya pili. Kagua jibu la fgets lenyewe, kisha, likiwa NULL (yaani haikupata mstari), ndipo uulize feof na ferror kama data imeisha au kuna hitilafu ya kusoma.

Programu yangu niliirekebisha kwa kigeu kimoja cha int kinachotunza herufi iliyosomwa mwisho. Kitanzi kikimalizika, ikiwa angalau herufi moja ilisomwa na ya mwisho haikuwa '\n', huongeza mstari mmoja. Sasa inasema 12.