Mama ameshaambiwa

Wengi mmeniuliza mama anaendeleaje na mimi nikawa najibu tu "alhamdulillah, tuombeeni", manake hilo ndilo jibu linalofunga maneno haraka. Leo amelala mapema, umeme upo, usingizi sina, wacha niandike yote.

Mama ana melanoma. Ni saratani ya ngozi, ilianzia unyayoni, kwenye kisigino cha kushoto, na mpaka tunaijua ilikuwa ishafika mapafuni. Hatua ya nne. Nimeandika wazi hivyo kwa makusudi, kwa sababu nyumba yetu ilikaa muda mrefu haitaji jina, ilikuwa ni "ule ugonjwa" na "hayo mambo ya mguu", na mjomba alikuwa anashusha sauti hata akiongea na watu kwenye simu, ilhali mama mwenyewe yuko mtaa mwingine kabisa.

Kwa wasiomjua, kazi ya mama ni hina. Maharusi wengi wa Langoni na Mkomani, hapa Lamu, wamepita mikononi mwake, hina nyekundu na piko, ile rangi nyeusi, maua kuanzia vidoleni mpaka gotini. Sasa mtu wa kazi hiyo akiwa na alama nyeusi unyayoni nani atashtuka? Tulisema ni piko. Piko likishika kisiginoni hukaa, ngozi ya pale ni nene. Lakini piko likatoka, akapakwa jingine kwa Idi nalo likatoka, alama iko pale pale na inajipanua upande mmoja, kingo zake hazijanyooka, katikati nyeusi ti pembeni kahawia. Baadaye ikachubuka ikawa inatoa maji, basi ikabadilishwa jina ikawa mwiba. Kliniki moja wakasema fangasi, akapewa dawa ya kupaka.

Kilichomtoa nyumbani ni mtoki. Si mnajua wazee wetu, ukilalamika una mtoki kwenye kinena jambo la kwanza wanauliza kidonda kiko wapi mguuni. Bibi mmoja jirani alimkalisha mama barazani akaugeuza mguu, akautazama, akasema huu si mwiba, mpelekeni Mombasa. Hakusoma darasa hata moja huyo bibi. Mombasa wakakata kipande wakapeleka maabara, wakafanya skani, na ndipo likatoka hilo jina.

Nikae kidogo hapa, manake kila nikisema saratani ya ngozi naambiwa hiyo ni ya wazungu na ndugu zetu albino. Aina hii ya unyayo, kiganja na chini ya kucha haiji na jua. Melanoma kwetu weusi ni nadra, lakini ikija mara nyingi ndiko inakojificha, sehemu ambazo hakuna anayezitazama. Kakangu mdogo ndiye aliyenikumbusha Bob Marley. Yake ilionekana 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ikaja kusambaa, akafariki 1981 na miaka 36 tu. Vijana wa boti hapa wamevaa uso wake kifuani kutwa nzima na sidhani kama mmoja wao anajua. Kwa hivyo tafadhali, ukioga leo geuza unyayo. Alama nyeusi inayokua, inayobadilika rangi, kidonda kisichopona, mstari mweusi kwenye ukucha unaozidi kupanuka, usisubiri mtoki.

Turudi kwa mama. Majibu tulipewa mimi na mjomba, mama yuko nje kwenye benchi ameshika mkoba wake. Tukatoka tukamwambia ni uvimbe, atatibiwa, twende nyumbani. Ndivyo tulivyolelewa, mgonjwa haambiwi, atakufa kwa fikra kabla ya maradhi. Siwalaumu waliotulea hivyo, wamezika watu wengi kuliko mimi na wana sababu zao. Lakini niwaambie nilichokiona nyumbani. Mama aliacha kula. Akaanza kugawa vitu, bangili akampa huyu, kanga za kabatini akampa yule, akamwita mama mdogo chumbani akamwambia nani amuoshe na nani asimguse. Usiku anajiuguza mguu peke yake gizani. Watu watano tunamlinda asijue na yeye anatulinda tusijue kwamba ameshajua kuna kitu, nyumba nzima tunacheza mchezo ambao hakuna anayeufurahia.

Aliyeuvunja ni muuguzi wa hospisi. Mimi hospisi nilidhani ni mahali pa kupelekwa mtu akisubiri kufa, kumbe wanaingia mapema, pamoja na matibabu, kazi yao ni maumivu na usingizi na kichefuchefu na roho ya mgonjwa na ya wanaomuuguza pia. Huyo dada aliketi chini kabisa, akamuuliza mama taratibu, "Mama, kuhusu ugonjwa wako, unapenda kuelezwa kiasi gani?" Mjomba akakohoa. Mama akamtazama mjomba, akamtazama muuguzi, akasema, "Nieleze wote mwanangu, na uanze na pesa."

Wallahi tulicheka. Tulicheka na machozi yanatoka.

Akaelezwa. Jina, iko wapi, kwamba kwa ilipofika kuiondoa kabisa ni vigumu lakini dawa za kupigana nayo zipo. Na unajua mama alijibu nini? "Kwa hivyo mguu haukatwi?" Miezi yote ile alikuwa na hakika atakatwa mguu kama jirani yetu wa sukari, hilo ndilo lililokuwa linamla, si kufa. Kufa alishakupangia. Siku hiyo jioni aliomba wali na samaki wa kupaka, akala, akaomba tena. Mimi naihesabu hiyo kuwa siku ya kwanza ya matumaini kwenye nyumba yetu, na hata drip moja alikuwa hajatundikiwa.

Dawa yenyewe si kemo ile ya kunyonyoa nywele. Ni ya kinga. Daktari alimchorea mama kwenye karatasi, mwili una askari wake, wana breki ili wasishambulie mwili wenyewe, na saratani imejifunza kuwakanyagia hiyo breki ili wapite bila kuigusa. Dawa inaiachilia breki. Mama akaitazama ile karatasi akasema, "Kumbe imewahonga askari." Daktari akasema tangu leo atawaeleza wagonjwa hivyo hivyo. Hiyo njia ya breki ndiyo iliyowapatia James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani tuzo ya Nobeli 2018, na dawa za kwanza za aina hii kwa melanoma zilianza kuruhusiwa Marekani 2011. Kabla ya hapo wengi wa hatua ya nne walikuwa hawamalizi mwaka. Saa hizi kuna utafiti uliowafuata wagonjwa miaka 10, na waliopewa dawa mbili kwa pamoja, zaidi ya 4 katika kila 10 walikuwa bado wako hai. Binamu yangu akaniletea na habari ya Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, melanoma ilimfika ini na ubongo 2015 akiwa na miaka 90, akatibiwa kwa mionzi na pembrolizumab, moja ya dawa hizi hizi za breki, akaishi mpaka 100.

Niliifurahia, sitadanganya, nikaituma kwenye magrupu yote. Lakini daktari alikuwa mkweli kwetu, aina ya unyayoni huwa haiitikii dawa hizi vizuri kama ile ya wenzetu weupe. Inaitikia kwa baadhi. Mama akasema basi na mimi ni baadhi.

Pesa nitaipita haraka manake ikinishika sitalala. Tulipoanza SHA, bima ya afya ya serikali, ilikuwa inalipa shilingi 400,000 kwa nyumba kwa mwaka, zikiisha kuna 150,000 za ule mfuko wa magonjwa sugu, na dawa hizi zinakula hela hizo kabla mwaka haujafika popote. Tulichanga. Chama cha kina mama kilimpa mama zamu ambayo haikuwa yake. Basi.

Ninachotaka kusema zaidi ni watu. Kuna waliokuja na maneno, na kuna waliokuja na mikono, nikajifunza kuwatofautisha mlangoni. Wa maneno wanakwambia usife moyo, wanakuletea jina la mganga wa mizizi, wanakuhadithia fulani aliyekufa na hiyo hiyo (kwa nini jamani?). Wa mikono hawasemi sana. Nahodha mmoja wa boti za Mokowe, gati la upande wa bara, hajachukua nauli yetu tangu amuone mama anashuka gatini kwa tabu, anamwambia tu "leta mkono, Bi." Shangazi wa Malindi anatupokea njiani, manake Lamu mpaka Mombasa kwa mkupuo mmoja, Witu, Garsen, na vizuizi vyote vile, mguu unafura, kwa hivyo tunalala kwake na asubuhi tunapata mbaazi na mahamri kabla ya basi. Kina mama wa mtaa wanakuja kumsomea Yasin na kabla ya kuondoka mmoja anafua, mwingine anaparuza samaki. Na kuna mama mmoja wa Mombasa aliyemuuguza mumewe, tulikutana kwenye foleni, sasa ni wa wasapu usiku wa manane. Yeye ndiye aliyenionya kwamba askari wakiachiwa breki wanaweza kugeukia mwili, kwa hivyo mgonjwa akiharisha sana, akipata kikohozi kipya au kuishiwa pumzi, usikimbilie duka la dawa, piga simu hospitali siku hiyo hiyo. Mama aliharisha. Tulipiga. Wakamuanzishia dawa mapema ikatulia. Ushauri wa foleni huo.

Halafu kukazuka mabaka meupe, mikononi na shingoni. Mbalanga. Mtaa ukaanza kunong'ona, mpaka kuna aliyeuliza kama yanaambukiza. Mimi nililia. Daktari aliyaona akatabasamu, akasema kwa wenye melanoma wanaotumia dawa hizi, mabaka haya mara nyingi huonekana kwa wale ambao dawa inawafanya kazi, askari wanashambulia seli za rangi popote zilipo, nzuri na mbaya. Akasema si ahadi. Mama alisikia nusu ya kwanza tu. Sasa anayaonyesha kwa wageni kama bangili, na moja la mkononi amelizungushia ua la hina.

Skani ya mwisho, vinundu vya mapafuni vimepungua, kimoja kiko vile vile, mtoki umelainika. Hakuna neno "amepona" kwenye hiyo karatasi na sisi hatulitumii. Kuna siku anaamka mchovu hataki kuona mtu, na siku hizo simchangamshi, nakaa tu.

Skani nyingine ni baada ya Maulidi. Kabla ya hapo amekubali harusi Langoni, nimegomba mpaka nimechoka, tumefikia mapatano kwamba yeye akae kitini na bibi harusi apandishwe kitandani, hakuna kupiga magoti. Mwenye kujua nyumba ya kukodi kwa wiki Mombasa, karibu na hospitali, ya chini isiyo na ngazi, anitumie ujumbe. Bei tutaongea, ila mjue atakayeongea ni mama.