Pokkali, mpunga wa maji chumvi

Kila bamvua linapovuka tuta na kuingia bondeni, Pemba huulizwa swali lile lile: hakuna mbegu inayostahimili chumvi? Ipo, na ni ya zamani. Inaitwa Pokkali, asili yake ni mabonde ya pwani karibu na Kochi, jimbo la Kerala, India, huko huko Malabar majahazi yetu yalikokuwa yakisukumwa na kusi. Ila anayedhani mbegu ndiyo dawa nzima atapoteza mbegu na msimu.

Kwanza tujue chumvi inafanya nini. Ndoo 1 ya maji ya bahari ikichanganywa na ndoo 16 za maji baridi inatosha kuufikisha mpunga wa kawaida pale unapoanza kupunguza mavuno. Ncha za majani huungua, na chumvi ikija wakati wa kuchanua unavuna mapepe. Nyakati mbili ndizo za hatari: mche ukiwa mchanga, na mpunga unapochanua. Katikati ya hapo huvumilia zaidi. Pokkali huizuia sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayodhuru, isipande kwa wingi majanini, na kwa vile hukua haraka, ile kidogo inayopita inatawanyika kwenye mwili mkubwa. Ni mrefu, hupita sentimita 130, hivyo maji yakipanda masuke hubaki juu. Urefu huo huo ndio kasoro yake: ukikomaa hulala.

Kazi yenyewe huko Kerala huanza Aprili. Matuta ya kingo hutengenezwa, mlango wa mbao wa kupitishia maji hurekebishwa; bahari ikipwa shamba linatolewa maji, ikijaa mlango unafungwa. Udongo ukikauka hukusanywa vijilima vyenye upana wa mita 1 chini na kimo cha nusu mita. Hapa ndipo penye akili yote. Mvua za Juni hukiosha kijilima kuanzia kileleni, chumvi na ukali wa asidi huteremka mitaroni, na maji hayo hutolewa bahari inapopwa. Udongo ulio tambarare hauoshwi hivyo. Maji husimama na chumvi yake.

Mbegu nazo zina utaratibu wake. Hutiwa kwenye pakacha la makuti lililotandikwa majani, pakacha likazamishwa kwenye maji baridi kwa muda wa saa 12 hadi 15, kisha likawekwa kivulini. Mzizi huchungulia halafu hutulia, na mbegu huweza kungoja mvua hata siku 30. Ikikaribia kupandwa, pakacha hurudishwa majini kwa saa 3 hadi 6. Hupandwa juu ya vijilima. Miche ikifika sentimita 40 hivi, baada ya mwezi, kijilima hukatwa mapande kwa jembe, kila pande na miche yake, na kutawanywa shambani. Kwa hiyo utoto wote wa mche umepita juu ya udongo uliokwisha kuoshwa.

Mbolea wakulima wa huko hawatii. Mwishoni mwa Oktoba hukatwa masuke tu, mabua huachwa. Novemba mlango hufunguliwa, bahari huingia na watoto wa kamba, nao hula mabua yanayooza mpaka Aprili. Usiku taa hutundikwa mlangoni kuwavuta. Takataka zao ndizo mbolea ya mpunga unaofuata.

Watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, walichanganya Pokkali na IR29, mpunga usiovumilia chumvi, wakapata, kwenye kromosomu 1 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba sifa za urithi), sehemu inayosaidia kuvumilia chumvi, wakaiita Saltol. Siku hizi sehemu hiyo huhamishiwa kwenye mbegu fupi zenye mavuno mengi. Hiyo ndiyo njia tunayoweza kuitumia, kwa sababu punje ya Pokkali ni nene na nyekundu, na hapa kwetu aliyezoea harufu ya Supa hatabadilisha sufuria.

Na mlango wa mbao wa Kochi usiigwe hivi hivi. Kule bahari hupanda na kushuka kama mita 1 tu. Bamvua letu hukaribia mita 4. Tuta la udongo la kimo chao litapitwa siku ya kwanza, na chumvi itakayoingia baada ya masika kukatika haina mvua ya kuitoa mpaka vuli. Tuta lipimwe kwa bamvua kubwa la mwaka, na mikoko iliyo mbele yake isikatwe, maana ndiyo inayolivunja wimbi kabla halijaligusa.