Bidii Iliyokula Meno Yangu

Asubuhi niliyokwenda kwa daktari wa meno nilikuwa na hakika kwamba jino langu limetoboka, kwa maana kwa majuma kadhaa kila nilipokunywa maji ya baridi nilichomwa na maumivu makali upande wa juu kushoto, yakaisha kabla hata sijameza. Nilimweleza daktari, mama wa makamo aliyenisikiliza bila kunikatiza, kisha nikaongeza, kwa fahari ninayoikumbuka hadi leo, kwamba sijapata kulala hata usiku mmoja bila kupiga mswaki.

Tundu hakuliona. Alipulizia hewa kidogo kwenye shina la chonge, nami nikashtuka kitini. "Pole sana," akasema, akanipa kioo cha mkononi na kuninyanyua mdomo kwa kidole. Pale jino linapokutana na ufizi palikuwa na mfereji mwembamba wenye kingo kali, mfano wa alama ya ukucha kwenye kipande cha sabuni, na ndani yake palikuwa pa manjano ilhali jino lililobaki lilikuwa jeupe. Manjano yale, akanieleza, ni dentini, tabaka la ndani lenye vijitundu vinavyofikisha baridi hadi kwenye neva. Enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, iliyopaswa kulifunika ilikuwa imekwisha.

Akaniuliza napiga mswaki kwa mkono gani. Wa kulia, nikajibu, naye akatikisa kichwa kana kwamba alikwisha kujua, kwa sababu wengi watumiao mkono huo hukandamiza zaidi upande wa kushoto. Kisha akauliza ninakunywa nini niamkapo. Nikamwambia kwamba kwa miaka minne nilikuwa nikianza siku kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye limau, kwa ajili ya afya, na mara tu baada ya hapo nikisugua meno kwa mswaki mgumu ili uchachu usibaki mdomoni.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo lilinisikitisha kuliko maumivu yenyewe. Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, takribani asilimia 96 ya uzito wake ikiwa ni madini, lakini huanza kuyeyuka pale pH ya mdomoni, kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, inapofika chini ya 5.5 hivi, na limau, hata likichanganywa na maji, liko chini sana ya hapo. Uso wa jino hulainika kwa muda. Mate yakiachiwa nafasi huizimua asidi ile na kurudisha sehemu ya madini ya kalisi na fosfati iliyopotea. Mimi nilikuwa nikiukwangua uso huo kila siku ukiwa bado laini. Nikauliza kama enameli itaota tena. Haioti, akasema, kwa kuwa seli zinazoijenga hutoweka jino linapochomoza. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni kupiga mswaki, wala sikumkumbuka hata mtu mmoja aliyenifundisha wakati wa kungoja.

Aliuziba mfereji ule siku hiyohiyo, akayapaka meno mengine floridi, madini yanayoimarisha enameli. Aliponishikisha mswaki laini, aliniondoa vidole viwili kwenye mpini ili niushike kwa ncha tu, kama kalamu, akaniambia kwamba nikinywa kitu kichachu nisukutue kwa maji matupu na kungoja walau nusu saa, ikiwezekana saa nzima, na kwamba baada ya kupiga mswaki niteme povu bila kusukutua, ili floridi ya dawa ya meno ibaki juu ya jino.

Nilipofika nyumbani niliutoa mswaki wangu wa zamani kikombeni. Haukuwa umetimiza hata miezi miwili, na nyuzi zake zote zilikuwa zimelala pande mbili, kama majani yaliyokanyagwa.