Jina la Baba Yangu Katika Stesheni ya Lubumbashi

Binti yetu wa pili alipozaliwa, mwaka wa 1994, tulimpa jina la marehemu baba yangu, kwa maana kwetu Katanga jina halibagui, na msichana anaweza kulirithi jina la kambo yake, yaani babu yake, bila neno kuongezwa wala kupunguzwa. Lakini mtoto mwenye heshima hamtaji mzazi wake kwa jina, kwa hiyo mimi sikuweza kumwita binti yangu kwa jina hilo. Nilimwita Baba, naye aliniita Baba, na wageni waliofika katika lupango letu, yaani kiwanja chetu, huko Katuba mjini Lubumbashi walichukua muda kabla ya kuelewa ni nani anayemwita nani. Shuleni walimu walitumia jina lake la ubatizo. Hivyo jina la baba yangu liliishi nyumbani mwetu miaka ishirini bila kutamkwa kwa sauti, hadi siku moja ya mwezi wa Oktoba 2014.

Baba yangu alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Aliandikishwa akiwa bado kijana sana, na mwaka wa 1941 alikuwa miongoni mwa askari waliovuka Sudan kwenda kupigana na Waitaliano katika nchi ambayo yeye aliiita Abisinia hadi kufa kwake, ndiyo Ethiopia ya leo. Alitusimulia habari za Asosa na Gambela, lakini zaidi habari za Saio, huko milimani, ambako njaa na maradhi viliwatesa sawasawa na risasi, mpaka tarehe 3 Julai jenerali Gazzera alipokubali kushindwa pamoja na majeshi yake. Jina la mahali hapo limebaki katika nchi yetu, kwani kambi ya jeshi ya Bukavu inaitwa Saio, ingawa nimekutana na vijana wengi wasiojua limetoka wapi. Baba alirudi na cheo cha sajini, na miaka kadhaa baadaye aliacha jeshi akiwa sajini vilevile. Hakukosa ushujaa, wala hakukosa akili. Alikuwa amefika pale ambapo mtu mweusi aliruhusiwa kufika. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, jeshi lile lilikuwa na askari wapatao 25,000, na kati ya maofisa wake Mkongomani hakuwepo hata mmoja.

Baada ya jeshi alifanya kazi ya reli, katika kampuni ya BCK, hapa hapa kwenye stesheni ya mji ambao wakati huo uliitwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mama alinieleza kwamba mwezi wa Julai mwaka ule wa uhuru, baada ya askari kuasi, redio ilitangaza kuwa Victor Lundula, meya wa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, amefanywa jenerali na mkuu wa jeshi lote. Lundula alikuwa amelitumikia jeshi wakati wa vita vya pili vya dunia, naye pia alikuwa ametoka humo akiwa sajini. Mama alisema kwamba baba aliposikia habari hiyo alitoka nje, akakaa chini ya mwembe, na hakula siku hiyo. Sikupata kumwuliza mwenyewe ilikuwa furaha au ilikuwa uchungu. Nadhani vyote viwili vilikaa naye pale chini ya mwembe.

Binti yangu hakumkuta kambo yake, aliyefariki mwaka wa 1987, lakini habari hizi alizijua zote, kwa kuwa mimi ni mwalimu na sijui kufunga mdomo mbele ya watoto. Alipokwisha kupata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, na kukaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, jioni moja alituambia kwamba anataka kufanya mtihani wa kuingia katika chuo cha maofisa wa jeshi kilichoko Kananga.

Mama yake aliweka chini kijiko cha bukari, ugali wetu, na kusema hapana.

Ni lazima nieleze neno hilo, kwa sababu bila kulieleza mtu anaweza kumdhania mke wangu kuwa mwoga, na yeye si mwoga. Mwaka wa 1991, wakati wa uporaji, watu wenye sare na bunduki waliingia katika duka dogo la baba yake huko Kamalondo. Walichukua vitenge, sabuni, chumvi, hata mizani, kisha wakampiga yule mzee mbele ya wanawe kwa kuwa hakuwa na pesa za kuwaongezea. Mke wangu alikuwepo. Tangu siku hiyo, akikutana na mtu mwenye sare njiani, huvuka barabara. Sasa mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa anaomba ruhusa ya kuvaa nguo ile ile.

Mimi nilijaribu kusaidia kwa njia yangu ya kialimu, na nakiri kwamba haikufaa. Kila mwaka nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa darasa la sita elimu ya uraia, nami nilikijua kwa moyo kifungu cha 188 cha Katiba ya 2006, kinachosema kwamba majeshi ni ya Jamhuri, yanalitumikia taifa zima, na hakuna anayeruhusiwa kuyageuza kuwa chombo chake mwenyewe. Nilimsomea mke wangu kifungu hicho. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, karatasi haikusimama mlangoni kwa baba yangu.”

Hali hiyo iliendelea karibu miezi mitatu. Majirani nao walileta maneno yao. Wapo waliosema kwamba jeshi si mahali pa msichana, na wapo waliosema kwamba jeshi ni mahali pa mtoto aliyewashinda wazazi wake, mwizi au mlevi, anayepelekwa huko ili akanyooshwe. Maneno hayo ya pili yaliniudhi kuliko ya kwanza, na yananiudhi hata leo. Tukilipatia jeshi watoto tuliowachoka, tutashangaa vipi likitutenda kama watoto waliochokwa? Mimi niliona kwamba mtoto wetu bora ndiye aliyekuwa anaomba kwenda, na ilinibidi nijiulize kama nilikuwa tayari kumtoa.

Mwishowe aliyemaliza neno ni yeye mwenyewe. Siku hiyo walikuwa wawili jikoni wakichambua sombe, majani ya mihogo, nami nilikuwa nje nikisahihisha madaftari, kwa hiyo niliyasikia bila kualikwa. Alimwambia mama yake kwa sauti ya chini kabisa, “Mama, wale walioingia dukani kwa kambo walikuwa na mkubwa wao. Mkubwa wao hakuwakataza. Mimi nataka kuwa mkubwa anayekataza.”

Mama yake hakujibu. Kesho yake alimpa pesa za kutafutia cheti cha mwenendo mwema na picha za kitambulisho.

Mitihani sitaieleza kwa urefu. Kulikuwa na mtihani wa kuandika, na mbio, na madaktari, na majuma mengi ya kusubiri orodha. Jina lake lilitoka, na wasafiri wa Lubumbashi waliambiwa wafike stesheni Jumamosi saa mbili za asubuhi, ili wapande gari la moshi lipitalo Likasi, Tenke, Bukama, Kamina na Mwene-Ditu hadi Kananga.

Tulifika kabla ya saa moja. Ilikuwa Oktoba, joto lenyewe la kabla ya mvua, na maua ya jakaranda yalikuwa yamelala njiani kama nguo zilizoanguka kutoka kambani. Mke wangu alibeba beseni lenye samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, mihogo na karanga, chakula cha siku nyingi, kwa kuwa sote tunaijua reli yetu na tunajua kwamba anayesafiri nayo hapangi saa ya kufika. Saa mbili ilipita, saa nne ikapita, na jua lilipokuwa utosini tulikuwa bado tumekaa juu ya mizigo ukutani, familia kama kumi na tano, kila moja imemzunguka mtoto wake. Mimi nilikuwa natazama ile sakafu ya saruji. Baba yangu alikuwa ameipita maelfu ya mara na taa yake mkononi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimletea chakula hapo hapo, na nilijua ni nguzo gani alipenda kuegemea.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza machungwa alisimama mbele yetu na kumwuliza mke wangu tunamsindikiza nani. Mke wangu akamwonyesha kwa kidevu. Yule mama alimtazama binti yetu, akatazama lile kundi la vijana na yule sajini aliyekuwa akizunguka na karatasi zake, akaelewa, na uso wake ukabadilika.

“Eh, mama,” alisema, “nawe umekubali?”

Niliinamisha macho, kwa sababu nilijua swali hilo lilikuwa limegusa kidonda. Nikamsikia mke wangu akijibu taratibu, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa, “Nimekubali. Huyu ndiye atakayewakataza.”

Yule mama hakuwa na njia ya kujua neno hilo limetoka wapi. Alitupimia machungwa sita, akapokea pesa zake, akaenda. Lakini mimi nilimtazama mke wangu, mtu ambaye kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akivuka barabara, ameketi hatua kumi kutoka kwa yule sajini na hakuwa ameondoka.

Ilikuwa imekaribia saa kumi na moja ya jioni mabehewa yalipoletwa. Watu wote walisimama kwa pamoja, vilio vikaanza, na sajini akapiga kelele kwa Kilingala, “Noki! Noki!”, yaani haraka, kwa kuwa Kilingala ndicho kimekuwa lugha ya jeshi letu tangu siku za baba yangu, naye pia alikuwa akitugombeza kwacho alipokasirika. Vijana wakajipanga mistari miwili. Sajini alianza kusoma orodha kwa sauti iliyofika hadi barabarani, naye hakusoma majina ya ubatizo. Alisoma yale mengine.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi ya mke wangu, na kwa ya kwangu pia, lakini sikuwa nimejitayarisha kulisikia jina la baba yangu likiitwa hivyo, kwa nguvu, na kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Mwili wangu ulishtuka kama mtu aliyesikia baba yake akitukanwa. Nilichukua hatua moja mbele, sijui nikitaka kufanya nini. Kabla sijafika popote, kutoka katika mstari wa pili, sauti ya binti yangu iliitika, “Présent!”, sauti kavu na safi ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

Hapo ndipo niliposhikwa na kitu ambacho sina neno lake jingine ila fahari. Katika stesheni ile ile alikobebea taa, baba yangu alikuwa ameitwa tena na jeshi, na safari hii hakuitwa ili aishie usajini. Aliyeitika angesoma, angeapa mbele ya bendera, na Mungu akipenda angetoka na nyota ya luteni-usu begani, mahali ambapo kwenye bega la baba yangu hapakuruhusiwa kuwekwa kitu. Nilitaka kuwashika watu mikono na kuwaambia kwamba huyo ni wangu. Nilisimama tu, nimenyooka, mikono pembeni, kama nilivyokuwa nikimwona baba yangu akisimama bendera ilipopita.

Kabla ya kupanda alikuja kutuaga. Mama yake alimfunga vizuri kifungo cha shingoni, akampa beseni, akasema, “Kula samaki kwanza, mayai yatavumilia.” Mimi nilimwambia, “Safari njema, Baba.” Naye akanijibu, “Ubaki salama, Baba.” Gari la moshi liliondoka gizani, nasi tulitazama taa yake ya nyuma mpaka ilipopotea upande wa Likasi.

Usiku huo umeme ulikuwa umekatika Katuba nzima. Tulikaa jikoni karibu na makala, yaani makaa ya moto, watoto wadogo wamekwisha kulala, na kwa muda mrefu hatukusema kitu. Kisha mke wangu aliniomba nilitaje lile jina, kama yule sajini alivyolitaja. Nilimkumbusha kwamba siwezi kulitaja, kwamba ni jina la baba yangu.

“Najua,” alisema. “Litaje. Ni la mtoto wangu pia.”

Nikalitaja, kwa sauti ya chini, mara ya kwanza maishani mwangu.