Maneno Yaliyoandikwa Pembezoni mwa Daftari

Kwa muda wa miaka tisa niliamini kwamba nimezaliwa niwe mchoraji. Imani hiyo haikuzuka hewani. Nilipokuwa mtoto, mwalimu aliubandika mchoro wangu ukutani, wageni wakausifu, na tangu siku hiyo kila aliyenijua alinitambulisha kwa wengine kuwa ni yule anayechora. Nikakua na jina hilo. Nilipoanza kupata mshahara nikanunua rangi na brashi, nikatenga kona ya chumba kwa ajili ya ubao wa kuchorea, kisha nikawa napita mbele ya kona ile kila jioni huku nikijiambia kwamba kesho nitaanza kwa dhati. Rangi zikakaukia ndani ya mirija yake. Nilijilaumu kwa uvivu, na nadhani wapo wengi wanaojilaumu hivyo hata leo, ilhali uvivu haumo kabisa katika jambo hili.

Ukweli niliupata pasipo kuutafuta, siku niliyokuwa nikihama nyumba. Ndani ya sanduku la makaratasi nilikuta madaftari yangu ya kazini ya miaka mingi, 14 kwa jumla, ambayo nilikuwa nikiyatumia kuandikia kumbukumbu za mikutano. Nilikaa sakafuni ili nichambue ya kutupa na ya kubakiza, na mara nikajikuta sisomi kumbukumbu zenyewe bali maandishi madogo ya penseli yaliyojaa pembezoni. Karibu kila ukurasa ulikuwa na mistari miwili mitatu ya mazungumzo niliyoyasikia mahali: mtu aliyemwambia mwenzake kwenye simu kwamba hana haraka, huku sauti yake ikitetemeka, mwanamke aliyejibu "sawa" mara nne kwa maana nne tofauti, mzee aliyeianza sentensi moja mara tatu asiimalize. Katika ukurasa mmoja nilikuwa nimeyapanga maneno hayohayo upya, nikayafuta, nikayapanga tena, mpaka karatasi ikatoboka. Sikukumbuka kuyaandika. Hakuna aliyewahi kunisifu kwa ajili yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona, na mimi mwenyewe sikuyahesabu kuwa kazi.

Tangu siku ile nimeacha kujiuliza nimezaliwa nifanye nini. Hilo ni swali zito mno. Linamtaka mtu ajijue kikamilifu kabla hajaanza, na kwa kawaida humwacha palepale alipoketi. Swali lililonifaa ni dogo zaidi: mkono wangu hufanya nini usipoamrishwa? Anayepanga upya, kwa macho tu, samani za kila chumba anachoingia, anayekesha akitafuta ni kwa nini wimbo fulani unamliza, anayemweleza mtoto jambo moja kwa njia tano hadi uso wa mtoto uchangamke, huyo tayari anafanya kazi ya ubunifu, ila bado hajaipa jina. Sifa za watu zina uzito wake, nami sizibezi, lakini hutuonyesha kile ambacho wengine wamekiona, na mara nyingi wamekiona kwa kuwa kilikuwa rahisi kuonekana. Mchoro unaweza kubandikwa ukutani ukasifiwa na wageni; usikivu hauna pa kubandikwa, na mtu anaweza kuwa nao nusu ya maisha yake bila yeyote, hata yeye mwenyewe, kuutambua.

Mtu anaweza kuniuliza kwa haki iwapo kila mazoea ni wito. La, hasha. Napenda kutembea jioni, lakini sijawahi kukosa usingizi kwa kuwaza namna ya kutembea vizuri zaidi. Tofauti naiona katika ile sehemu ya kazi inayochosha, kwani hakuna sanaa isiyo na sehemu hiyo. Kuchanganya rangi, kuosha brashi, kuchora kikombe kimoja mara ishirini hadi mdomo wake ukae sawasawa, mambo hayo yalinichosha kabla sijayaanza. Kuandika upya mstari mmoja wa mazungumzo mara thelathini hakujawahi kunichosha hivyo. Hunitaabisha, na wakati mwingine huniudhi, lakini hunirudisha.

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, ambaye alikuwa amekwisha kujaribu biashara ya picha, ualimu na uhubiri, aliamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 27, na moja ya kazi alizoanza nazo ilikuwa kunakili michoro ya mafunzo iliyotayarishwa na Charles Bargue, karatasi baada ya karatasi, mazoezi ambayo wanafunzi wengi wangeyaona kuwa adhabu. Linalonigusa zaidi ni kwamba mwaka 1890, ambao ndio mwaka aliofariki, akiwa amekwisha kuchora mamia ya picha za rangi, aliirudia tena baadhi ya michoro ileile ya mazoezi. Sidhani kwamba alilazimika.

Nami niseme wazi kazi yangu ni ipi sasa: naandika michezo ya redio. Wiki nzima iliyopita niliitumia kwenye mstari mmoja. Baba na mwanawe wanakutana baada ya miaka sita ya kununiana. Katika rasimu ya kwanza baba alisema, "Nimekukumbuka sana, mwanangu," na nilipousoma mstari huo kwa sauti nilisikia kwamba ni mimi ninayezungumza, si yeye, kwa kuwa mtu aliyenyamaza miaka sita hawezi kuanza na neno kubwa namna hiyo. Nikaandika, "Umekonda." Hilo lilikaribia, lakini lilikuwa na lawama ndani yake. Nikaandika, "Kumbe bado unatembea kwa kuburuta mguu." Hapo nilisimamisha kalamu, kwa sababu maneno hayo yanaonyesha kwamba baba amemsikia mwanawe akija tangu mbali na amemtambua kabla hajafika mlangoni, na katika redio, ambako msikilizaji haoni chochote, yananipa pia mlio wa hatua ninaouhitaji kufungulia onyesho. Baadaye nikalifuta neno "kumbe," nikiona kwamba linamfanya baba ajidai kushangaa. Siku iliyofuata nikalirudisha. Anajidai kweli, na ni haki yake.

Sijaacha kazi inayonilipa mshahara, na simshauri mtu aache yake kwa pupa. Kuna maneno yanayorudiwa sana siku hizi, kwamba mwenye wito wa kweli huuchoma moto mtumbwi aliojia, na naona maneno hayo yamewaumiza watu wengi wenye vipaji, kwa kuwa sanaa inayodaiwa kodi ya nyumba tangu mwezi wa kwanza huanza kusema yale inayodhani yatanunuliwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na aliendelea na ajira za serikali baada ya hapo, huku akiandika mashairi na nathari ambazo bado tunazisoma. Mwandishi Mmarekani Toni Morrison aliitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 39. Mchana alikuwa mhariri katika kampuni ya vitabu, nyumbani alikuwa akiwalea wanawe wawili peke yake, na alizoea kuandika kabla ya mapambazuko, watoto wakiwa bado wamelala. Mimi nina saa moja, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Ni kidogo, lakini hakuna anayenidai chochote ndani yake, na kwa sababu hiyo naweza kuitumia yote kwenye neno "kumbe."

Igizo langu la kwanza lilikataliwa na kituo kimoja bila neno lolote la maelezo, nami nilivunjika moyo kwa miezi miwili, nikafika mahali pa kuyafungia madaftari kabatini. La pili lilirudishwa na mhariri aliyeandika juu yake sentensi moja tu, kwamba igizo hili linaanzia ukurasa wa nne. Nilikasirika sana. Kisha nikazisoma zile kurasa tatu za mwanzo, nikaona kwamba wahusika wangu walikuwa wakielezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, ili tu msikilizaji ayasikie. Nikaziondoa, na igizo likasimama. Sentensi ile imenifaa kuliko pongezi zote nilizowahi kupewa kwa michoro yangu, na tangu hapo nikimaliza rasimu simuulizi msomaji kama ameipenda, bali namuuliza ni wapi alipoanza kusikiliza na ni wapi alipoacha.

Kuhusu umri sina mengi ya kusema. Mmarekani Anna Mary Robertson Moses, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa akitengeneza picha kwa kushona nyuzi hadi maumivu ya viungo yalipomzuia kushika sindano vizuri. Akashika brashi akiwa anakaribia miaka 80, akaendelea kuchora mpaka uzeeni kabisa, na akafariki mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 101. Wengi humtaja kwa sababu ya kuchelewa kwake. Mimi navutiwa na zile nyuzi, kwa kuwa zinaonyesha kwamba picha alikuwa nazo tayari, na alichofanya mwili ulipomgomea ni kuzitafutia njia nyingine ya kutokea. Nikikumbuka hivyo, siioni tena miaka yangu tisa ya ubao mtupu kuwa hasara tupu, maana kila nilipokwepa kuchora nilikuwa nimekaa mahali fulani nikisikiliza watu.

Ubao wa kuchorea ninao bado. Nimeubandika karatasi ndogo zenye mpangilio wa maonyesho, na ile ya baba na mwana iko katikati, kwa sababu onyesho lao halijakamilika: baba amesema kuhusu mguu, na mwana hajajibu. Nimeandika majibu manne pembezoni mwa daftari. Ninaloliegemea halina neno hata moja. Ni kimya cha sekunde tano, kisha sauti ya kiti kinachovutwa.